Mwenye Malalamiko Anifuate Nyumbani

Kaka Shomari,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea tu. Ulikuwa na tabia ya kuitikia marahaba kabla sijamaliza neno, halafu unaniuliza kama leo nimekuja kufanya kazi au nimekuja kupunga upepo wa feni yako. Nimekaa kwenye kiti chako, ndani ya chumba cha mtambo, mlango nimeurudishia. Mwani tunaonunua kwa wakulima ulikuwa ukiwekwa humu, ukahamishwa kabla hata wewe hujaajiriwa, lakini kuta mpaka leo zinanuka bahari. Mara ngapi nimeanza kukuandikia! Nikifika mstari wa pili aibu inanipanda mpaka masikioni, nafuta yote, nachukua ufagio nafagia chumba ambacho nimeshakifagia.

Ulinifundisha kwamba taarifa ya mtambo inaanza na vilivyo vizima, ndipo vije vilivyoharibika. Basi vizima ni hivi. Wifi Zainabu, mkeo, hajambo, bado yuko edani, na wanao wanakwenda shule. Bi Rukia bado ni mkurugenzi wetu, na bado anaiita seva, huu mtambo wetu, "televisheni ya Shomari," ingawa kila barua, kila faili na kalenda ya ofisi nzima imo humo ndani. Ofisi yetu ya Dunda imepakwa rangi ya kijani, ile uliyosema ni ya duka la dawa. Stoo ya mwani kule Mlingotini imeezekwa upya, haivuji tena. Umeme unakatika vilevile.

Kilichoharibika ni mimi.

Unakumbuka pale wodini ulivyoniambia nisogeze sikio, ukanitajia neno la siri la akaunti yako herufi moja moja, mpaka nesi akadhani unanisomea dua? Ukasema, "Hii amana, Tatu. Ingia kwa jina langu, jipe mamlaka yote kwa jina lako, halafu la kwangu lizike." Nikasema inshallah, kaka. Ukasema, "Sitaki inshallah ya kuahirisha." Mimi nikacheka. Wewe hukucheka.

Siku ya maziko yako Maganga alifanya kazi yake. Nakueleza kwa sababu hukuiona, na najua ungependa kujua kama alikutendea haki. Alitutendea haki sote. Wewe mwenyeji wa Bagamoyo na yeye Mnyamwezi wa Tabora, watani tangu mababu, na miaka yote mkitukanana kwenye meza moja ya uhasibu na mitambo kiasi kwamba wageni walidhani mna ugomvi. Alivaa kofia yako ya kazi na miwani yako iliyogandishwa kwa gundi, akachukua waya mrefu wa umeme, akapita kati ya wafiwa akifoka kwa sauti yako: "Nani amegusa waya wangu? Nani?" Akauzungusha ule waya mlangoni, jeneza lisipite mpaka wajomba zako wamwombe radhi kwa kumchukulia mtani wake bila ruhusa. Sisi wanawake ndani tulisikia tukacheka huku tunalia. Wifi alikuwa amejifunika kanga gubigubi, lakini niliona mabega yake, alikuwa anacheka. Jioni familia ikampa Maganga ile kofia iwe yake, kwa haki ya mtani.

Baada ya khitma Bi Rukia aliniuliza, kwenye kikao, mbele ya watu wote, kama akaunti ya marehemu nimeshaifunga. Nikasema tayari. Nilikusudia kuifunga mchana uleule, wallahi. Nikaingia humu chumbani, nikaona jina lako na ile picha yako ya kukunja uso, mkono ukakataa. Nilijiambia nitaifunga kesho. Na nikuambie ukweli wote, haikuwa huzuni peke yake. Nilikuwa na mamlaka nusu kwa jina langu, na mamlaka kamili kwa jina lako, na nilikuwa sijui vizuri namna ya kuyahamisha. Niliogopa kugusa nikaharibu, na niliogopa zaidi kumwambia mtu kwamba sijui. Watu walikuwa wameanza kuniita "mama mtambo." Lilinipendeza hilo jina.

Basi nikawa naingia kwa jina lako, nafanya ninalolijua, natoka. Barua zilizokuwa zinaingia kwako sikuzifungua. Nilijisifu kwamba hiyo ni adabu, kutosoma barua za maiti.

Haikupita muda mtambo ukaanza ukorofi. Kwanza kalenda ikanyamaza, na katika ule msiba hakuna aliyeona. Halafu faili zikawa hazifunguki, barua za asubuhi zinafika jioni, wenzetu wa Pangani wanapiga simu kuuliza kama tumewasusa. Nikazima nikawasha. Nikabadilisha waya. Nikaipigia kampuni ya intaneti nikamfokea kijana wao mpaka akanipa pole. Nikaandika waraka mkali kwa ofisi nzima kuwakataza kutunza picha za harusi kwenye faili za kazi. Nilifanya kila kitu isipokuwa kile ulichokuwa ukiniambia kila siku, kwamba kwanza nisome, ndipo niguse. Wewe ulikuwa unavuta kiti, unasoma kumbukumbu za mtambo mstari kwa mstari huku unatafuna karafuu, mimi nasimama nyuma yako nina haraka. Ungekuwepo ungenicheka siku nzima.

Mwisho niliona mwenyewe kwamba diski imejaa. Imejaa pomoni, haina hata nafasi ya kuandika mstari mmoja. Nikafuta yale niliyoona ni takataka, nikaiwasha upya kila sehemu, na mtambo ukapumua. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilifurahi! Nilitoka mpaka kwa mama wa vitumbua pale kona nikanunua vya ofisi nzima. Nikiwa narudi na mfuko mkononi nikasikia simu zinalia ndani, moja baada ya nyingine, kisha kimya, kisha mtu akapiga kelele.

Kalenda ilikuwa imeamka, kaka, ikayatoa yote yaliyokwama. Ulikuwa umeipanga mwenyewe ile taarifa yako ya kila mwezi, na hakuna aliyeipangua. Ilitoka kwa jina lako, na picha yako juu yake, kama zamani:

"Assalaam alaykum. Kesho nazima mtambo saa kumi jioni. Hifadhini kazi zenu. Mwenye malalamiko anifuate nyumbani. Zainabu, nitachelewa, cha kwangu kifunike. Shomari."

Ofisi nzima ilikuwa inajua mwisho wake kwa moyo. Ulikuwa umemwingiza Wifi kwenye orodha ya watu wa kazini ili ajue siku za kuchelewa kwako, na sisi tukimwona sokoni tunamuuliza kama cha Shomari kimefunikwa. Alikuwa anatukimbiza. Na kila mwezi alikuwa anakujibu neno moja, nawe unatuonyesha kwa kiburi: "Kimefunikwa."

Ikamfikia. Yuko edani, amekaa kwenye mkeka wake, hana wanja, hana marashi, na simu inamwambia kwa jina la mumewe afunike chakula.

Mama wa mapokezi alizirai. Wengine walikuwa wanasoma Ayat al-Kursi. Na Maganga, ambaye hofu na kicheko kwake ni kitu kimoja, akacheka. Akasema, "Nilijua tu, huyu hata kufa anataka aonekane ana kazi nyingi." Ni utani wa kawaida kabisa, wewe ungeuelewa. Lakini watu waligeuka wakamtazama. Nani mwingine angeweza kufanya jambo kama hili? Nani alikuwa akikaa kwenye kompyuta yako ukienda kuswali? Nani aliyekuigiza mbele ya jeneza?

Siku ya pili yake, baada ya sala ya Ijumaa, kaka yake Wifi alikuja ofisini na kanzu yake. Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema dada yake hajala tangu jana. Alisema utani una mahali pake, na mjane aliye edani si mahali pake. Maganga akaapa kwamba si yeye, wakamwambia mtani hana kiapo. Ndipo Bi Rukia akanigeukia mimi. "Tatu, wewe ndiye mwenye mtambo. Akaunti ya marehemu si ulisema uliifunga?"

Kaka, nilikuwa na nafasi yote ya dunia. Nilikuwa na vitumbua vya jana vimebaki kwenye meza mbele yangu, navitazama. Nikasema, "Niliifunga."

Baada ya neno hilo hakukuwa na la kuuliza tena. Kama nilifunga, basi mtu ameifungua, na mtu huyo wanamjua. Maganga alinitazama. Bi Rukia akamwambia aende akae stoo ya Mlingotini kupima mwani mpaka uongozi utakapoamua juu ya mkataba wake. Mhasibu wa miaka yote ile akawa anapanda bodaboda kila asubuhi kwenda kusimama kwenye mizani.

Ungedhani niliishia hapo. Sikuishia hapo.

Mimi nilikuwa naenda kumwona Wifi kila wiki. Maganga asingeweza kuingia mule ndani kujitetea, mwanamume wa nje hawezi kukaa na mwenye eda, kwa hiyo mtu pekee wa ofisini aliyekuwa anapita lile pazia ni mimi. Nilikuwa nakaa naye mkekani, namchambulia mchele, na yeye anasema. Alisema hakulia kwa ajili ya ule ujumbe, alilia kwa kuwa siku ya maziko alicheka utani wa yule mtu. Alijilaumu kwa kucheka. Akasema alimpa kofia ya mumewe kwa moyo safi. Mimi nikawa natikisa kichwa, nasema pole Wifi, ndiyo Wifi, watu hawana haya. Nilisema hivyo, kaka, kwa mdomo wangu, watu hawana haya.

Siku moja akaniambia, "Mwambie Maganga, siku nikitoka edani asije akakanyaga barazani kwangu. Mume wangu hana mtani." Nikasema nitamwambia.

Na nikaenda. Nilipanda bodaboda mpaka Mlingotini, nikamkuta amesimama kwenye mlango wa stoo, vumbi la mwani mkavu limemtia weupe kwenye nyusi, akina mama wanamletea magunia naye hana hata neno la kuwachokoza. Nikampa ujumbe kama nilivyotumwa, sikupunguza neno. Alivua kofia yako. Aliikung'uta vumbi kwenye paja, akaikunja mara mbili, akanipa. "Warudishie wenyewe," akasema. "Na wewe, dada Tatu, nenda salama."

Dada Tatu! Huyu mtu hajawahi kuniita dada. Aliniita mkia wa samaki taa, aliniita mzigo wa Shomari, aliniita bibi harusi aliyekosa bwana. Nilirudi na kofia yako kwenye mkoba, njia nzima nimeushika mkoba kwa mikono miwili na dereva ananiambia nishike chuma.

Nilishindwa kuipeleka kwa Wifi. Niliileta humu nikaiweka juu ya mtambo. Nikaona lililobaki ni moja tu, kufanya uongo wangu uwe kweli. Nikiifuta akaunti yako yote, na kila kilichomo, hakuna atakayejua iliachwa wazi mpaka lini. Niliingia kwa neno lako la siri. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na mtambo unaniuliza kama nina hakika.

Sijui nini kilichonifanya nifungue kwanza kisanduku chako cha barua. Labda ni ile kofia. Labda ni mazoea ya kukusikia umesimama nyuma yangu, ingawa siku zote mimi ndiye niliyesimama nyuma yako. Nikafungua nikaanza kusoma.

Kaka, mtambo ulikuwa unakuandikia. Kila usiku tangu ulipofariki. Sikujua kwamba taarifa zake zote ulizielekeza kwako peke yako. "Nafasi imebaki kidogo." Siku nyingine, "Nafasi imebaki kidogo sana." Halafu, "Nakala ya akiba imeshindikana." Halafu hiyohiyo, na hiyohiyo, na hiyohiyo, ukurasa baada ya ukurasa, inakuomba wewe uje. Ile kazi uliyokuwa ukiifanya kila Alhamisi baada ya alasiri, ya kupunguza nakala za zamani ili mpya zipate mahali, mimi nilidhani unakaa humu kukwepa kikao. Na mimi nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye huo mtambo, namfokea kijana wa intaneti.

Nililia humu ndani mpaka feni ikanikausha. Kisha nikaelewa jambo la pili, nikaondoa mkono kwenye kile kitufe upesi kama niliyeshika jiko. Nakala za akiba hazikuwepo. Za zamani nilizifuta mwenyewe pamoja na zile takataka, na mpya zote zilikuwa zimeshindikana. Kama ningefuta, kingekwenda kila kitu chako, na hakuna wa kukirudisha, si mimi wala mtaalamu wa Dar.

Nilifunga ofisi nikaenda kwa Wifi na kofia. Alikuwa anamenya vitunguu. Niliiweka kofia kwenye mkeka, nikamwambia yote, kuanzia wodini mpaka Mlingotini. Sikumtazama usoni. Niliongea na vile vitunguu. Nilitegemea anifukuze, na nilikuwa nimeshavua viatu mahali pa karibu na mlango kwa ajili hiyo.

Alimalizia kitunguu alichokuwa amekishika. Halafu hakuniuliza kuhusu uongo wangu, wala kuhusu Maganga. Aliuliza, "Kwa hiyo ni yeye kweli aliyeandika?"

Nikasema ndiyo, Wifi. Maneno ni yake mwenyewe. Alipanga mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa mzima.

Akasema, "Nimeifuta."

Alikuwa ameifuta, kaka. Na si hiyo tu, alikuwa amefuta na zile zote za zamani, kwa hasira, akijua kuna mtu amezichezea. Alifuta mpaka ile ya mwanzo kabisa. Alichukua simu yake akanionyesha mahali ambapo zilikuwa, hamna kitu, na akawa anapapasa pale kwenye kioo kwa kidole kilichokuwa kinanuka vitunguu. Ndipo akalia. Ule ndio mzigo wangu, si barua ya onyo, si nini. Nilimfanya mwanamke afute sauti ya mumewe kwa kudhani ni dhihaka.

Baadaye akajipangusa akaniambia, "Bado imo kwenye mtambo?" Nikasema imo. Akasema, "Basi usiifunge kwanza. Mwezi ujao ije tena. Ije kwangu tu." Nikamwambia ni lazima niseme ofisini, na pengine nitaondolewa. Akasema, "Sema. Lakini kwanza nipangie hiyo." Hakuniambia amenisamehe. Sikuthubutu kuuliza.

Jumatatu nilisimama kwenye kikao nikasema. Nilishikilia ukingo wa meza. Bi Rukia alinitazama kwa namna ambayo mama yangu alinitazama nilipovunja birika la mgeni, halafu akanipa barua ya onyo, akaniacha kazini kwa kuwa, alisema, hana mwingine. Hiyo ni sifa ya namna yake. Maganga akarudishwa mezani kwake siku ileile. Kaka yake Wifi alikuja akamwomba radhi mbele yetu sote, na Maganga akamjibu kwamba yeye ni mtani, amezoea kusingiziwa, ila siku nyingine wamsingizie jambo lenye faida. Watu wakacheka wakapumua.

Mimi hakunitania. Nilimpelekea kofia, nikapiga magoti kabisa kama mtu anayeomba radhi kwa wazee. Aliipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Ahsante, dada Tatu. Wewe ulijua, na ukaniletea ujumbe ule mpaka Mlingotini." Basi. Kofia ameitundika kwenye msumari juu ya meza yake, haivai. Asubuhi ananisalimia vizuri, ananiuliza nimeamkaje. Zamani nikileta vitumbua alikuwa anapora viwili kabla sijaketi, anasema ni haki ya mtani. Sasa nikiweka sahani mbele yake anasema, "Nimeshiba, dada." Nilikuwa sijui kwamba heshima inaweza kuuma namna hii. Ningetoa chochote anitukane.

Nimejifunza kuhamisha mamlaka. Haikuwa kazi ngumu, hilo nalo linanitia aibu. Nilikaa nikasoma kama ulivyokuwa unasoma, nikampigia mtaalamu mmoja wa Dar nikamwambia waziwazi, sijui, nielekeze. Alinielekeza kabla chai haijapoa. Taarifa zote za mtambo sasa zinakuja kwangu, na kwa Maganga pia, nilimwomba awe wa pili ili siku mimi nikiondoka mtambo usije ukalia peke yake. Alikubali kwa maandishi, kwa adabu. Nakala za akiba zinachukuliwa kila usiku kwenye diski nyingine, na kila Alhamisi baada ya alasiri nakaa humu nasafisha. Wenzangu wanadhani nakwepa kikao.

Na akaunti yako imebaki wazi mpaka leo, kwa ruhusa ya Bi Rukia, kwa ajili ya jambo moja. Niliondoa majina yote kwenye ile orodha, nikaacha la Wifi. Maneno sikuyagusa. Imepangwa kutoka saa nne asubuhi hii. Nilianza kukuandikia ili mikono yangu iwe na shughuli wakati nasubiri.

Imetoka. Nimeiona ikitoka, kaka. Sasa hivi.

Nimekaa tu. Nje namsikia Maganga anabishana na dereva kuhusu risiti. Sikuwa na sababu ya kutegemea kitu zaidi, Wifi alitaka kuipata tu, aitunze. Lakini kisanduku chako kiko wazi mbele yangu, na juu kabisa, juu ya zile kelele zote za mtambo, imeingia barua moja mpya. Haina hata salamu.

"Kimefunikwa."

Sitaijibu. Si yangu.

Nimeichukua nakala yake pamoja na ujumbe wako, nimeziweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, jioni nitampelekea Wifi mkononi zisije zikapotea tena. Baada ya hapo nitafanya ulilonituma pale wodini. Nimechelewa, kaka, na kuna watu wameumia kwa kuchelewa kwangu, nami siombi unifichie hilo huko uliko. Nakuahidi hili tu: sitasema tena "tayari" kwa jambo ambalo halijawa tayari, na nitaendelea kuweka vitumbua kwenye meza ya Maganga kila Alhamisi, hata akishiba maisha yake yote.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Kesho nazima mtambo saa kumi jioni. Safari hii nimeandika taarifa kwa jina langu, na ule mstari wako nimeuacha palepale, mwenye malalamiko anifuate nyumbani. Najua ni nani ninayemngojea aje anitukane.

Mdogo wako,
Tatu